Fisi wa Ngitili

Katikati ya masika nilikwenda nyumbani Sapiwi kumwona mama. Nikiwa bado barabarani nilikiona kilima cha mawe kilicho nyuma ya ngitili yetu, na jambo hilo likanisumbua. Tangu utoto wangu kilima kile hakikuonekana kutoka barabarani. Migunga ilikiziba.

Ngitili ni malisho ya akiba. Mvua zikianza hufungwa, asiingie mtu wala mnyama, nyasi zikue. Kiangazi kikishakausha kila kitu, hufunguliwa. Baba alipofariki, kazi ya kuilinda ilibaki kwa baba mdogo. Ng'ombe wa mama hawakuwa na malisho mengine ya kiangazi.

"Baba mdogo, mbona kilima kinaonekana?" nilimuuliza.

"Ninyi watu wa Bariadi mjini mkivaa miwani mnaona hata Ziwa!" Alicheka, kisha akapunguza sauti. "Usisogee kule, mwanangu. Kuna fisi, na si wa porini. Wana wenyewe."

Kwetu fisi wa namna hiyo ni wa wachawi, na maneno hayo yanatosha kumgeuza mtu njiani. Wachungaji walikuwa wameshaacha kupita hata pembeni. Lakini ndama wa baba mdogo mwenyewe alifungwa kwenye kigingi karibu kabisa na ukingo wa ngitili. Jioni hakuna aliyekwenda kumwingiza zizini, na asubuhi nilimkuta palepale, mzima, anacheua. Pembeni yake palikuwa na alama za baiskeli. Za kuingia zilikuwa nyepesi. Za kutoka zilizama kwenye tope.

Nilimweleza mama. Alijifunga kanga kiunoni.

"Fisi hapandi baiskeli," alisema. "Twende."

Ukingoni miti ilisimama kama zamani, imeachwa makusudi mstari mmoja tu. Ndani hapakuwa na kitu. Visiki vilikuwa vimepakwa tope ili vising'ae. Matanuri ya mkaa yalikuwa yamechimbwa kila mahali, na yalipowaka, nyasi zilikuwa zimeungua zikaacha udongo mweusi. Mama alitembea akigusa visiki, kichwa chini. Nilidhani analia. Alikuwa anatafuta nyasi.

Baba mdogo alitukuta huko huko, kiroba kitupu begani.

"Shemeji, migunga huchipua," alianza. "Hata mwaka—"

"Na ng'ombe wale nini mwezi wa tisa? Mkaa?"

Akanigeukia mimi. "Na huyu msomi wako anapikia nini mjini? Jua?"

Gesi ninayo, ya chai. Maharage napikia mkaa, na sijawahi kumuuliza muuzaji ulikotoka.

"Maharage ya mwanangu hayakukukabidhi ngitili," mama alisema. "Marehemu ndiye aliyekukabidhi."

Mama hakumshtaki kwa sungusungu, walinzi wa kijiji. Siku chache baadaye ng'ombe walisukumwa hadi Migato, kwa kaka yake, kwenye ngitili ambayo bado ina nyasi. Alibakiza mmoja tu wa maziwa. Waliporudi vijana waliowapeleka, aliwauliza mara tatu kama waliyaona malisho kwa macho yao au waliambiwa tu.

Baba mdogo bado hupita asubuhi. "Mwangaluka, shemeji," anamsalimia. Mama huitikia vizuri kabisa. Halafu husimama mlangoni pa zizi, mkono juu ya mti wa lango, hadi atokomee.