Waliolala Banda la Juu

Nakumbuka asubuhi moja kule Bangwe, kando ya ziwa, mwanangu, katika miaka ile wakimbizi walipokuwa wakishuka ufukweni kwetu boti baada ya boti. Nimeishi asubuhi nyingi tangu hapo, nimeoa, nimezika, nimelea. Lakini ile haijaniacha.

Nilikuwa kijana wa Simbo, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi. Kipindupindu kilipozuka kwenye kituo cha kupokelea wageni, walitafutwa vijana wanaojua Kiha, kwa kuwa Kiha chetu na Kirundi cha wakimbizi ni ndugu wa tumbo moja. Ukisema hiki, mwenye kile anakuelewa. Nikachukuliwa kuwa mkalimani. Usidhani nilikaa kitini. Ukalimani ulikwenda pamoja na kumwaga ndoo za wagonjwa na kunyunyiza dawa sakafuni.

Tulikuwa na mabanda mawili ya turubai. Banda la chini, karibu na maji, lilikuwa la walioweza kunywa. Hao walipewa maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, kikombe baada ya kikombe. Banda la juu lilikuwa la dripu. Msimamizi wetu alikuwa muuguzi wa Ujiji, Sista Mwajuma, binti wa mwenye mitumbwi ya dagaa, mwanamke wa maneno machache na hatua ndefu.

Sasa, mimi nilikuwa na macho. Kila siku nilisaidia kubeba maiti, na karibu zote zilitoka banda la juu. Kule chini watu walikuwa wakiinuka na kuomba ugali. Nikapiga hesabu yangu kimyakimya: maji ya kunywa yanaponya, dripu inaua. Sikumwuliza mtu. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Na zangu hata nyingi hazikuwa.

Katika banda la chini alikuwamo mama mmoja kijana, Goreti, na mumewe Ndayizeye, mkulima aliyevuka ziwa akiwa na jembe lake begani kana kwamba shamba lilikuwa linamngoja huku. Mke ndiye aliyeugua. Mume alikuwa mtu wa utani hata katika shida ile.

"Daktari wa ndoo!" aliniita kila nilipoingia. "Leo zimepona ngapi?"

"Zote. Hakuna iliyolalamika."

"Basi nitibu na mimi, kichwa changu nacho ni kitupu."

Goreti alicheka kwa sauti ndogo. "Mwache mwana wacu," alimwambia mumewe, yaani mtoto wetu. "Ndiye pekee hapa anayesema kama watu."

Walinipenda, mwanangu. Ndiyo sababu waliniamini.

Asubuhi ile Goreti akaanza kutapika kila alichomeza. Macho yalizama, sauti ikakatika. Sista Mwajuma alimfinya ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama. "Huyu hawezi tena kunywa," alisema. "Apande juu, atundikiwe dripu sasa hivi. Yohana, mweleze mumewe, mumbebe." Mara zikasikika kelele ufukweni, boti jingine limefika na wagonjwa. Sista akakimbilia huko.

Nilitafsiri maneno yake sawasawa. Laiti ningeishia hapo. Ndayizeye aliangalia banda la juu, akaniangalia mimi. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Mwana wacu, angekuwa dada yako, ungempeleka?"

"Nisingempeleka," nilisema. "Wanaopanda kule hushuka wamefunikwa shuka. Mpe kikombe, kidogo kidogo."

Akanishukuru. Akaketi kwenye mkeka, akampakata mkewe, akamsogezea kikombe mdomoni. Maji yalikuwa yakitoka yote pembeni mwa midomo.

Sista aliporudi, alipiga magoti akatafuta mshipa mkono huu, akatafuta mkono ule. Mishipa ilikuwa imenywea. Goreti akakata roho sindano ikiwa bado mkononi mwa Sista.

"Kwa nini hakupandishwa?" aliuliza. "Nani kazuia?"

Niliinama, nikaokota kikombe. Ndayizeye, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akajibu: "Ni mimi, mama. Mimi nimekataa."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mchana nilimfuata Sista akinawa mikono, nikamweleza ukweli, na hesabu yangu yote nikaitoa. Nilitegemea anifukuze. Hakupandisha sauti.

"Yohana, ulilinganisha nini na nini?"

"Dripu na maji ya kunywa, Sista."

"Hapana. Ulilinganisha aliyefika akitembea na aliyefika amebebwa. Nani anapandishwa juu? Ni yule aliyekwisha kushindwa kumeza. Bila dripu wangekufa karibu wote. Wewe uliwaona waliokufa kwa sababu uliwabeba. Waliopona waliondoka kwa miguu yao, hukuwabeba, hukuwahesabu." Akafuta mikono. "Jirani yangu akitupa wavu wake usiku wa giza, na mimi nikatupa wangu usiku wa mbalamwezi, kesho akaleta dagaa tele, utasema wavu wake ndio bora?"

"Hapana, Sista. Kwenye mbalamwezi taa ya mvuvi haiwavuti dagaa."

"Kumbe unajua. Kwa dagaa ulipima kwa haki. Kwa watu ikakushinda."

Siku zilizofuata alinifundisha, akipita na mimi kitanda kwa kitanda. Ukitaka kujua tiba ipi inashinda nyingine, alisema, tafuta wagonjwa ambao ugonjwa wao una uzito mmoja, na umri wao haupishani sana. Usiuachie moyo uchague nani apewe ipi, maana moyo humpa dawa uipendayo yule ambaye tayari ameanza kutabasamu. Kisha wahesabu wote, waliokufa na waliopona, hata aliyetoroka. Na ukishapata jibu, uliza bado: bora kwa nani? Kwa anayeweza kumeza, maji ya kunywa yanatosha, hayana sindano, hata mama mtu anaweza kumpa mwanawe. Kwa aliyefika alipofika Goreti, kikombe ni kuchelewa tu.

Wakati wa wakimbizi kupelekwa kambi za mbali ulipofika, nilimkuta Ndayizeye akisubiri lori. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba sikujua, na kwamba nilisema kama anayejua. Alishusha jembe lake begani.

"Nilikuuliza wewe," alisema, "kwa sababu ulijua lugha yangu. Nikadhani na mengine unayajua."

Hakunitukana. Alipanda lori na jembe lake, akakaa akitazama upande wa ziwa. Sijamwona tena. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu nimeishi naye miaka mingi kuliko niliyoishi na wanangu.

Kwa hiyo nisikilize. Ukisikia watu wakisema dawa hii inaponya kuliko ile, hospitali hii inaua kuliko ile, usikimbilie kuitikia. Uliza ni wagonjwa gani waliokwenda huku, na gani kule, na walifika katika hali gani. Uliza wako wapi ambao hukuwaona. Macho hayadanganyi, lakini hayaoni yote. Na zaidi ya hayo, mtu akikuamini kwa sababu mmefanana kabila, dini au lugha, imani hiyo ni mzigo. Usimlipe kwa kubahatisha. Kusema "sijui, ngoja nimwite anayejua" hakujawahi kumpunguzia mtu heshima.

Mungu akulinde wewe na wagonjwa wa nyumba yako. Akupe subira ya kupima kabla ya kusema, na siku mwenzio atakapoweka uhai wa mtu wake mbele ya neno lako, neno hilo liwe la kweli. Amina.