Nilikwenda Kuuliza Habari za Nyumba

Hii nawaambia kwa sababu mtaa wetu mzima wa Nyamisangura wanaijua tayari, na mkiisikia kwa wengine mtaikuta imetiwa chumvi, wakati yenyewe ilivyo inatosha kabisa kunifanya nijifunike uso kwa kanga.

Mnanijua, kukaa na jambo bila kulichokonoa siwezi. Nilipotoka Bunda kuja Tarime kufungua saluni, dalali alinipatia nyumba ya zamani yenye kuta nene za mawe, saluni nikaiweka chumba cha mbele, na kwenye chumba cha nyuma nikakuta mikwaruzo ya msumari ukutani, ile ya kumpima mtoto anavyokua, inapanda, inapanda, halafu inakomea usawa wa kiuno changu. Basi, usingizi ukaisha. Nalala, naamka, naenda kuitazama, narudi kitandani, naamka tena. Mtoto gani huyu, na kwa nini waliacha kumpima?

Dalali alijua tu kwamba mwenye nyumba ni mjane anaitwa Bibi Bhoke, na kwamba siku hizi anaishi Kenyamonta. Mtu mwenye akili angempigia simu akamuuliza. Mimi nikaamua nianze na wateja wangu (hapo ndipo nilipoharibu). Kila mama aliyekaa kusukwa nilimuuliza huyu bibi ni mtu wa namna gani, ana hasira, ukoo wao una ugonjwa wowote, ana watoto wa kiume, nyumba ile itabaki kwa nani. Walinijibu kwa upole wa ajabu. Hana mtoto wa kiume, walisema, kisha wakawa wananiangalia kupitia kwenye kioo.

Jumapili moja, baada ya kuwaaga wateja wote kwamba nakwenda kwa Bibi, nikapanda gari, nikamalizia na bodaboda, nimebeba sukari na kitenge maana kwa mtu mzima huendi mikono mitupu. Nikakuta mji wa Bibi umefagiliwa, akina mama wamejaa, mbuzi ameshachinjwa. Nikajisemea watu wa huku wakarimu jamani. Nikampa Bibi shikamoo, akanishika mikono, akaigeuza akaitazama viganja, akauliza kama baba yangu yuko hai. Yupo, nikasema. Shemeji yake, Mzee Chacha, akaomba namba ya baba amsalimie, nami nikampa kwa furaha, akatoka nayo nje.

Halafu Bibi akaniuliza kama nyumba yake naipenda.

"Naipenda sana, Bibi. Ningepewa, ningekaa humo mpaka nizeeke."

Vigelegele vikalipuka. Na mimi (Mungu anisamehe) nikapiga cha kwangu. Wakanipeleka zizini kuona ng'ombe, nikawasifia, nikamchagua hata mmoja mwenye paji jeupe nikasema huyu ndiye mzuri kuliko wote. Akina mama wakapeana mikono. Hapo simu ikaita, na simu yangu ilikuwa haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, kwa hiyo mji mzima ukamsikia baba yangu.

"Yusta, kuna mzee wa Kenyamonta anauliza ng'ombe walete lini. Mwanangu, umeolewa na bibi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mmoja ndiye aliyenieleza, taratibu, kama anamweleza mgonjwa: huku mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke, wanaita nyumba ntobhu, na watoto wa yule mwanamke wanakuwa wajukuu wake, mji wake usife. Na anayezunguka kuuliza magonjwa ya ukoo, hasira za mtu na urithi wa nyumba, huyo anachunguza anakotaka kuolewa. Habari zangu zilifika Kenyamonta kabla yangu.

Nikamwambia Bibi kwamba mimi ni mpangaji wake tu na nilitaka kujua ile mikwaruzo ni ya nani.

"Ya Nyangi. Mwanangu wa pekee. Homa ilimchukua." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Wote wanaokuja huniuliza nyumba nauza lini. Wewe nilisikia unauliza habari za watu wake. Nikasema, huyu ndiye."

Nililia mbele ya watu wote, aibu na huzuni vyote kwa pamoja. Mbuzi tulimla hivyo hivyo, angefanywaje, na baba nilimpigia baadaye kumtuliza (nadhani alikuwa ameshaanza kupanga zizi).

Nimeapa sasa nikienda kwa mtu nataja shida yangu kabla sijakaa, na saluni nasuka tu, habari za mtu siulizi. Juzi Bibi alikuja, akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka akanikuta na wateja, akaniomba ukuta ule nisiupake rangi.

"Sawa, mama mkwe," nikasema, limenitoka tu, na wateja wote wamesikia.