Udongo wa Kisima cha Parit

Mzee Parit amefuga ng'ombe hapa Malolo miaka arobaini, na huwachoma sindano za penisilini mwenyewe. Mimi ni mtaalamu wa maabara ya mifugo. Nilipomwambia kwamba bakteria wa zizini kwake hawafi tena kwa penisilini, na kwamba sindano zake za ovyo ndizo chanzo, alinifokea.

"Unanisingizia, wewe binti! Nitakuletea udongo ambao ng'ombe hajawahi kuukanyaga. Humo dawa itaua."

Mimi nami si mpole. "Lete!" nikamjibu.

Alikuwa anachimbisha kisima. Aliteremka mwenyewe kwa kamba, kina cha watu wanne, akachota udongo wa chini kabisa kwenye kikopo nilichompa.

Maabarani niliotesha bakteria wa udongo ule kwenye kisahani, nikaweka kidonge kidogo cha penisilini katikati. Siku ya tatu nilimwita aone. Utando mweupe wa bakteria ulikuwa umekifunika kidonge chenyewe.

"Dawa ilifika lini kule chini?" aliuliza taratibu.

"Haikufika, mzee. Hawa wana kimeng'enya kinachoikata penisilini kama kisu. Mababu zao walikuwa nacho kabla binadamu hajakuwapo duniani. Sindano zako zimewaua wasio nacho tu, wenye kisu wakajaa zizini."

Parit, ambaye kijiji kizima humwamkia na hamsamehe anayempita kimya, aliegemeza fimbo yake ukutani. Akakiinamia kile kisahani.

"Shikamoo," akasema.