Habari za Bweni?

Nilikuwa mlezi wa wanafunzi katika chuo kimoja hapa Bagamoyo, nikaagizwa niwaulize wanaishije bwenini na kama sisi wafanyakazi tunawasaidia. Nikapita mlango kwa mlango, jua la mchana, mwili umechoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Habari za bweni?"

"Nzuri."

Maji yalikuwa hayatoki tangu Ijumaa, ndoo tupu zimejaa ukumbini, nao wananiambia nzuri! Nikamfokea binti mmoja: "Nzuri ipi?"

Akatazama chini. "Mwalimu, umetusalimia, tumeitikia. Hujatuuliza."

Nikarudi ofisini miguu ikiwaka moto. Mkuu wa chuo akachungulia mlangoni.

"Habari za kazi?"

"Nzuri, mkuu," nikasema, naye akaenda zake.