Paka Kwenye Majivu ya Mbegu

Harufu ya mkojo wa paka inawaudhi wote hapa nyumbani. Mimi nikiisikia, nashusha pumzi.

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alihifadhi maharage ya mbegu kwa kuyachanganya na majivu, na majivu yenyewe aliyalimbikiza kwenye kona ya jikoni. Paka wetu dume akaanza kwenda kuchuchumaa pale, akilia.

"Mfukuze huyo! Akikojolea majivu, mbegu zitaoza," Bibi akaniambia.

Nikamchapa kwa ufagio mchana kutwa. Kila nilipomchapa alirudi palepale, akachuchumaa, akalia.

Kesho yake hakuweza kusimama. Tumbo lake lilikuwa gumu kama embe bichi.

"Bibi, tumpeleke kwa bwana mifugo kule Ndungu! Tafadhali, Bibi!"

"Mjukuu wangu, yule Waingereza wamemleta kwa ajili ya ng'ombe. Nani atamtazama paka?"

Akafia mapajani mwangu kabla jua halijafika utosini. Bibi akaniambia nitoe majivu yaliyolowa, nimwage nje. Nikapiga magoti, nikayapekua kwa mikono yote miwili mpaka nikagusa udongo. Yalikuwa makavu yote, hata tone la mkojo halikuwamo.