Visukuku vya Shifu Liang na Hewa Niliyoitupa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigiwa kelele kabla sijaweka mkoba chini. Lilikuwa ghala la viatu mtaa wa Liuhua, huku Uchina, nyuma ya stesheni ya treni, na mwenye kelele alikuwa Msimamizi wa Ufungaji, mtu wa Mombasa, tumbo mbele na sauti ya kuuza samaki. Alichukua kiboksi cha viatu vya mtoto, akakitikisa karibu na sikio langu.

"Wasikia nini?"

"Viatu."

"Wasikia hewa, mama! Mteja hakununua hewa. Toa hewa!"

Naieleza elimu hiyo vizuri, nyinyi mnaokuja kuifanya kazi hii, maana bila kuielewa hamtaelewa nilichokuja kukiharibu. Mzigo wa meli unapimwa kwa ukubwa wake. Kwa hiyo mfungaji akipokea bidhaa anavunja maboksi ya kiwandani na kuyatupa, pamoja na vikaratasi vyote vilivyomo. Kiatu kinaingia ndani ya kiatu, soksi zinajazwa ndani ya kiatu cha mwisho, vyote vinabanwa, vinapigwa nailoni na tepu mpaka robota linakuwa gumu kama ukuta. Juu yake unaandika maki, yaani alama ya mwenye mzigo na namba, kwa kalamu ya wino mzito, pande mbili. Halafu unaandika orodha: namba fulani, ndani mna kitu fulani. Maboksi unayaweka nje ya mlango, na kabla hujageuka mwokota maboksi keshapita nayo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha kidato cha nne kutoka Tanga ambacho matokeo yake hayawahusu. Kazi niliijua. Baada ya mwaka mmoja Msimamizi alikuwa akiwaonyesha wageni marobota yangu. "Hili limefungwa na binti wa Tanga," anasema. "Hata mende hapati pa kupumulia."

Nilikaa Liuhua miaka mitatu. Kisha Bosi, mama wa Dar mwenye ofisi mtaa wa Xiaobei, akanihamishia ghala la Sanyuanli niwe Mkuu wa Ghala. Rehema wangu alikuwa na miaka miwili. Baba yake alikuwa ameshakwenda Foshan, mji wa jirani, kwa shughuli ya wiki mbili, na wiki hizo mpaka leo hazijaisha. Nikapanga chumba ghorofa ya tano, jengo la zamani, ngazi tu.

Sasa, kila Jumapili, Rehema akishalala mchana, chini yangu inaanza: kok, kok, kok. Jumapili ya tatu nilishuka na hasira zangu zote. Nikagonga mlango kama polisi. Akafungua mzee mwembamba, barakoa usoni, mkononi nyundo ndogo kama ya sonara.

"Mtoto wangu analala!" nikamwambia kwa Kichina changu cha sokoni.

Hakubisha. Alisogea kando, akaniashiria niingie, akanipa kioo cha kukuzia na kuelekeza taa juu ya jiwe lililokuwa mezani. Kwanza alilimulika kutoka juu: jiwe la kijivu, basi. Kisha akailaza taa ubavuni, mwanga ukapita juu ya jiwe kama jua la asubuhi, na vivuli vikaamka. Ndani ya jiwe mlikuwa na shanga, zimepangana kwenye uzi usioonekana.

"Nani alitia shanga humu?"

"Hizo si shanga. Ni shina la mnyama wa baharini. Alisimama kwenye tope kama ua. Akafa, tope likawa jiwe, na yeye akawa jiwe."

Ndiyo maana ya kisukuku. Niliinama pale nikasahau kilichonileta. Kisha nikamwambia kwamba kwetu Tanga babu yangu alikuwa akivunja mawe ya matumbawe ya zamani na kuyachoma kwenye tanuri apate chokaa, na mawe yale yalikuwa na maua na makombe ndani yake.

"Alikuwa akiwachoma?" akauliza.

"Maisha yake yote."

Mzee alicheka mpaka akavua barakoa. "Na mimi nilikuwa nawalipua," akasema. "Miaka thelathini. Machimbo ya saruji, kaskazini huko. Nalipua asubuhi, jioni naokota walionusurika."

Huyo ndiye Shifu Liang. Shifu ni neno la heshima, fundi anayejua kazi yake, na hakuna mtu pale mtaani aliyemwita vingine. Tulipatana: ataanza kugonga saa kumi, Rehema akishaamka, na mimi nitakuja kuangalia. Baada ya mwezi nilikuwa na sindano yangu na mswaki wangu.

Nitawaambia namna inavyofanywa, maana kuna watu wanaharibu. Jiwe husafishwa kavu kwanza, kwa mswaki laini, barakoa usoni, dirisha wazi, na mtoto hayupo chumbani. Vumbi la mawe halina huruma na mapafu. Palipo pagumu unatumia sindano, unachokoa kutoka kwenye kisukuku kwenda nje, kamwe si kuelekea kwake. Siki inayeyusha jiwe la chokaa, lakini na kombe lenyewe ni chokaa, kwa hiyo mwenye haraka anaosha mpaka anabaki na bakuli la maji machafu. Na mgongo hauoshwi. Hiyo ilikuwa sheria ya Shifu kuliko zote. Upande wa mbele unausafisha mpaka mnyama anatoka, lakini nyuma unaacha udongo na jiwe la kwao kama lilivyokuja.

"Lakini mchafu!" nilimwambia. Mimi sikulelewa kuosha sahani upande mmoja.

"Mgongo ni kijiji chake," akasema. "Ukiuosha, atarudije kwao?"

Wanawake wenzangu Xiaobei walinisema. Mama mzima, hana mume, anakwenda kuchezea mawe ya makafiri kwa babu wa Kichina. Niliwajibu mbele ya watu: nyinyi Jumapili mnachezea majina ya watu, mimi nachezea mawe, na mawe hayajawahi kulia.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Halafu tukatangaziwa kwamba jengo linafungwa kwa ukarabati na wote tuhame. Shifu alikuwa anakwenda kwa binti yake, chumba kimoja, hapana pa kuweka hata kikombe cha pili. Mkusanyo wake ulikuwa mawe mia mbili na kumi na moja. Aliyekubali kuyachukua ni Mwalimu wa Sayansi wa shule moja ya jirani, mwanamke kijana, mkali kama mimi. Alikuja, akaangalia, akapenda, akasema atayawekea kabati la vioo. Kwa sharti moja: kila jiwe liwe na kikaratasi chake kinachosema lilitoka wapi, tabaka gani, lini, na nani aliliokota. "Bila kikaratasi ni kokoto," alisema. "Shule haipokei kokoto." Kama hapati, mawe yangetupwa na kifusi cha jengo. Hapakuwa na mahali pengine.

Vikaratasi vilikuwepo vyote. Shifu aliweka kila jiwe kwenye kiboksi chake: cha kiberiti, cha chai, makopo ya keki za sikukuu yao ya mwezi mpevu, na ndani, chini ya jiwe, kikaratasi kilichokunjwa kwa mwandiko wake mdogo.

Mmeshaona ninakokwenda.

Nilimwambia, Shifu, nenda kwa binti yako ukapumzike, kufunga ndiyo kazi yangu. Akaniachia ufunguo. Jumamosi moja, saa nne asubuhi mpaka saa nane, nilitoa mawe yote kwenye viboksi vyake, nikayavingirisha moja moja kwenye sponji, nikayapanga kwenye makreti manne ambapo yeye angehitaji ishirini. Kazi safi. Mikono yangu ilikuwa inakwenda yenyewe, kama Liuhua, na kichwani namsikia Msimamizi: toa hewa, toa hewa. Viboksi na makopo nikayashusha chini mlangoni, magunia mawili. Nilijisifu hata.

Shifu aliporudi aliangalia makreti manne. Aliangalia rafu. Akauliza taratibu, "Viboksi viko wapi?"

Nilishuka ngazi za ghorofa nne sijui kwa miguu ipi. Mwokota maboksi, bibi mmoja mwenye toroli, alikuwa ameshapita. Nilimkuta kwenye yadi yao ya karatasi, naye akanionyesha mashine ya kubana. Robota lilikuwa limeshafungwa. Gumu, zuri, kama langu. "Mei you," akaniambia, hakuna tena, na alikuwa anasikitika kweli. Makopo matano tu ya bati hayakuwa yamebanwa, na ndani yake nilipata vikaratasi vitano.

Nilirudi nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Hasira na Msimamizi, hasira na meli zote za dunia, hasira na mikono yangu. Shifu alikuja akakaa juu yangu ngazi moja. Nilitaka anitukane. Hakunitukana.

"Umeosha migongo?" akauliza.

"Sijaosha."

"Basi amka."

Mwalimu alikuwa anakuja baada ya siku tisa. Kila nilipotoka ghalani nilipitia kumchukua Rehema, nikampa kalamu za rangi chumba cha pili na mlango ukafungwa, tukaanza. Tuliyageuza mawe yote kifudifudi. Sasa migongo ilianza kusema. Udongo mwekundu, machimbo ya mashariki. Jiwe jeusi ambalo ukilikwaruza linanuka kama mafuta ya taa, tabaka la chini. Lenye mishipa myeupe, ukingo wa mto. Mimi nikamhoji kama ninavyomhoji mteja aliyepotelewa na mzigo.

"Siku hiyo ulikuwa na nani, Shifu?"

"Na dereva wa lori. Tulikula viazi vitamu."

"Mvua au jua?"

"Mvua... ndiyo, mvua, ndiyo maana niliona linang'aa. Mke wangu alikuwa mja mzito."

"Basi ni mwaka aliozaliwa binti yako."

"Andika!"

Na hapa kazi yangu iliyoniponza ikanisaidia. Nilimwambia, Shifu, boksi linapotea, lakini maki huandikwa kwenye mzigo wenyewe. Tukaweka tone dogo la rangi nyeupe mgongoni mwa kila jiwe, juu ya tone namba, na namba ikaingia kwenye orodha, nakala tatu. Alikuwa ameishi na mawe yale miaka yote bila kufikiria hilo. Aliitazama namba ya kwanza kwa kioo chake, akasema, "Nyinyi watu wa mizigo si wajinga."

Siku ya nane yalibaki mawe kumi na tisa ambayo mgongo haukusema na yeye hakukumbuka. Nikampigia Bosi kuomba ruhusa ya siku moja, nikamweleza.

"Zuhura, we andika tu!" akasema. "Andika lolote. Nani atakwenda kumuuliza jiwe?"

Na niliandika. Sijifichi. Kulikuwa na tumbawe moja zuri kuliko yote, kama sega la nyuki, na mimi sikukubali litupwe. Nikaandika kikaratasi: machimbo ya mashariki, mwaka fulani. Shifu akakisoma.

"Nani alikuwepo siku hiyo?"

Niliweka kalamu chini.

Akakikunja kikaratasi, akakitia mfukoni mwake, akalihamishia tumbawe upande wa wale wasiojulikana. "Huyu amekaa ndani ya jiwe muda mrefu hajadanganya," alisema. "Tusimwanzishe sisi."

Mwalimu alikuja na toroli mbili na uso wake ule. Alichukua jiwe moja, akasoma, akageuza mgongo, akasoma namba, akatafuta kwenye orodha. Akachukua la pili. Alikagua mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Kisha akaona kreti dogo la pembeni.

"Na haya?"

"Haya ni kosa langu," nikasema, na nikamweleza lote, viboksi, yadi, na hata kikaratasi cha uongo. Nilisubiri aseme kokoto.

Aliligeuza lile tumbawe. Mgongoni kulikuwa bado na tope gumu la kwao. "Nina wanafunzi arobaini," akasema, "na vioo vya kukuzia havina kazi. Wana mawe mia moja na tisini na mbili ya kulinganisha. Wacha watafute." Akalipandisha kreti kwenye toroli yeye mwenyewe. Jana, miezi saba baadaye, amenitumia ujumbe: mawe manne yamepata kwao, na mtoto aliyetambua tumbawe hataki kwenda nyumbani.

Mimi nastaafu nikiwa na miaka thelathini. Rehema anaanza darasa la kwanza Januari, na nataka alianzie Tanga, karibu na mama yangu. Mnaokuja, fungeni marobota vizuri, ni kazi ya heshima. Lakini kabla ya kutupa kiboksi cha mtu, fungua, na muulize mwenyewe. Haraka yetu si sababu.

Shifu sikuchukua kwake jiwe hata moja. Vya huku vibaki huku, na mimi najua forodha kuliko yeye. Alinipa kiboksi cha kiberiti, hakina jiwe. Ndani yake kikaratasi. Mahali: pameachwa wazi. Tabaka: wazi. Tarehe: wazi. Aliyeokota: jina langu, kwa mwandiko wake mdogo, na chini yake la Rehema.

Leo nimekwenda Liuhua wanifungie mizigo yangu, na Msimamizi, mvi sasa, amesema hamwachii mtu mwingine. Amebana nguo, amejaza soksi za Rehema kwenye viatu vyake. Akafika kwenye kiboksi. Akakitikisa sikioni.

"Binti wa Tanga, umesahau kazi? Hiki kina hewa."

"Usikibonyeze!" Ghala zima likageuka. "Hiyo hewa ni yangu. Naisafirisha."

Akaniangalia, akamwangalia Rehema. Kisha akavingirisha kiboksi kwenye sponji, mizunguko mitatu, akakiweka katikati ya robota pasipobanwa, akachukua kalamu ya wino mzito.

"Haya," akasema. "Maki niandike nani?"