Propela ya Kapteni na Upande Wenye Tumbo

Kwanza mjue kwamba Kapteni hajapanda ndege hata siku moja. Cheo hicho alipewa na majirani kwa masihara, yeye akakipokea kwa mikono miwili, na sasa ukimwita kwa jina lake la nyumbani anageuka nyuma kuangalia nani anaitwa. Kazi yake ni kugonga mihuri. Miaka ishirini na sita amekaa dirisha namba nne, na anajulikana mji mzima kwa jambo moja: ukijaza fomu upande usiotakiwa, hata kama umetoka mbali, hata kama umelowa mvua, anakurudishia kwa vidole viwili. "Umejaza nyuma. Rudi kesho." Wala hapandishi sauti.

Akitoka hapo, roho yake yote iko kwenye ndege ndogo, zile za mbao nyepesi zenye injini ya kuenea kiganjani, zinazoongozwa kwa rimoti. Kuna chama cha watu wenye ugonjwa huo, na mwaka ule chama kilikuwa kinatafuta mkufunzi wa wanachama wapya. Mkufunzi hupewa beji ya kitambaa. Jamani, ile beji! Kapteni aliitamani mpaka akawa anaiota. Sharti lilikuwa moja tu: ujenge ndege kwa mikono yako, uirushe mbele ya watu, ishuke nzima.

Ndege aliijenga miezi mitano mezani pa kulia chakula, familia ikawa inakula sahani mapajani. Ilipofika zamu ya propela, nyumba nzima ikakoma. Unaweza kudhani propela ni kitu cha kuchomeka na kukaza basi. Thubutu! Kapteni alikuwa ameandika mwongozo wa hatua kumi na nne na kuugonga muhuri kila ukurasa. Tundu la propela lilikuwa dogo kuliko shafti ya injini, akalipanua kwa keekee taratibu, lisiende upande hata unywele. Kisha akaipitishia msumari mwembamba katikati, akauegesha juu ya bilauri mbili, aone panga lipi linashuka. Lililoshuka ndilo zito, linapigwa msasa. Akipiga msasa huku, kule kunashuka. Wiki mbili hizo, watu wamekatazwa kupiga chafya.

Mwisho propela ikatulia sawa kabisa. Kwa furaha Kapteni akaipaka rangi nyekundu mara nne, ncha zake njano, akaisugua mpaka unajiona usoni. Ikapendeza kweli, hatukatai.

Mke wake ni fundi cherehani, na ameshika vitambaa tangu usichana. Yeye kitu chochote akikipata anakipitishia kidole gumba kutafuta upande wa nje na wa ndani. Siku Kapteni alipokuwa anaifunga propela kwenye injini, mama akapita na chai, akaigusa kidogo.

"Baba, hii si umeivalisha ndani nje?"

"Mama watoto, hii si suruali."

"Najua si suruali. Siku ulipoileta ilikuwa na maandishi upande huu wenye tumbo. Sasa tumbo umelielekeza ndani."

"Soma hatua ya tisa," Kapteni akamsogezea mwongozo. "Maandishi yatazame mbele. Nimeandika mwenyewe."

"Maandishi yako wapi?"

Kapteni akaangalia. Hakukuwa na maandishi. Nusu yalikwenda na msasa, nusu yalizikwa chini ya rangi. Hapo mtu mwenye akili zake angefungua nati na kutazama upya. Lakini huyu ni dirisha namba nne! Akasema mwenye mwongozo ndiye anayejua, akazungusha injini kwa mkono mpaka ikawa nzito, akailaza propela sawasawa isije ikavunjika wakati wa kutua, akaweka washa, kile kipete cha chuma, akakaza nati kwa spana. Kila kitu kilikaa barabara isipokuwa propela yenyewe.

Siku ya jaribio uwanjani walikuja wanachama wote, na muuza soda wao. Mke alikuja kushika mkia, maana injini ikiwaka ndege haijishiki yenyewe. Kapteni akapiga propela kwa kijiti, si kwa kidole, hatua ya kumi na mbili hiyo. Injini ikaitika mara ya pili. Kelele zake, loo! Mwenyekiti wa chama akaziba masikio huku anatabasamu. Mke akaachia mkia.

Ndege ikatambaa. Ikatambaa tena. Ilivuka uwanja mzima ikinguruma, haikuinua hata gurudumu, ikafika kwenye uzio ikagonga kwa adabu, ikazima. Muuza soda akauliza kama hiyo ni ndege au mashine ya kukata majani.

"Mafuta hayo," Kapteni akasema. Wakabadilisha mafuta. Ikatambaa vilevile mpaka kwenye uzio uleule.

"Kapteni," Mwenyekiti akasema kwa upole, "majaribio ni matatu, limebaki moja. Ikishindikana, beji tutampa mwingine."

Kapteni akapiga magoti nyuma ya sanduku la vifaa, jasho linamtiririka mpaka puani. Hakumtazama mke wake. Akafungua nati, akaigeuza propela, tumbo likatazama mbele, akakaza. Mke alikuwa ameshika mkia hapohapo, mikono imeloa mafuta, ameona kila kitu. 

Injini ikawaka, na safari hii upepo ulirudi nyuma kwa nguvu mpaka kitambaa cha mama kikamtoka kichwani. Ndege ilikimbia hatua chache ikapaa. Ilizunguka uwanja mara tatu, ikashuka kama inaogopa kuumiza nyasi. Watu walipiga makofi mpaka muuza soda akasahau kuuza.

"Kasoro ilikuwa nini?" Mwenyekiti akauliza huku anamkabidhi beji.

Mke alikuwa kando yake, anajifuta mikono. Kapteni akatazama angani.

"Upepo," akasema. "Nilikuwa nasubiri ugeuke."

Jioni ile akampa mke wake beji na shati jeupe, aishone mfukoni, maana Jumamosi anaanza kufundisha. Mke akapokea, akasema, "Haya."

Jumamosi asubuhi Kapteni alivaa, akaenda kwenye kioo, akapiga ukelele. Beji ilikuwa imeshonwa maandishi yameangalia ndani. Nje ulionekana mgongo wake tu, kitambaa cheupe kimejaa vinyuzi. Mishono midogo, imebanana, ukivuta unaondoka na mfuko.

"Mama watoto! Umeishona kinyume!"

"Ndiyo?" Mke hakuinua uso kwenye cherehani. "Subiri upepo ugeuke."

Shati jingine jeupe hakuwa nalo. Alitembea mpaka uwanjani mkono kifuani, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa peke yake. Wanachama wapya sita walikuwa wanamsubiri na madaftari.

"Kapteni, beji yako imepatwa na nini?" Mwenyekiti akauliza.

Kapteni akawatazama wale sita. Akashusha mkono.

Aliporudi nyumbani mchana, mke alikuwa anakunja vitambaa. Kapteni akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja na fomu.

"Nimewaambia," akasema. "Kwamba uliniona ninaifunga kinyume, ukaniambia, nikakukatalia. Na kwamba siku ile nilidanganya."

"Umewaambia wote?"

"Wote. Hata muuza soda."

Mke akaweka vitambaa kando. Kisha akatoa wembe wa kufumulia kwenye droo ya cherehani, akanyoosha mkono.

"Haya, vua shati."